Mpeni mtoto kitu cha kutafuta, makumbusho atayapenda mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nimeandika ndefu lakini hili jambo liko moyoni siku nyingi. Wiki jana nilisoma humu humu barua ya msomaji mwenzangu aliyesema vijana wa sa hivi hawana habari na makumbusho, ukiwapeleka wanazubaa tu, wanasubiri soda na basi la kurudi, na kwamba kosa lote ni la simu na TikTok. Namheshimu, na naona anaongea kwa uchungu wa kweli, ila mimi nafundisha Historia sekondari ya kata huku Mbagala mwaka wa 12 huu na nilichokiona kwa macho yangu ni kingine. Watoto wanapenda makumbusho. Wanayapenda sana tu. Wasichokipenda ni vile sisi tunavyowapeleka.

Nianze na kitu kidogo. Mwaka juzi niliingia kidato cha pili nikauliza nani anajua Makumbusho, mikono yote juu. Nikafurahi kweli. Nikamnyanyua binti mmoja wa mbele aeleze, akasema "Madam, ni stendi." Nikamnyanyua wa pili, stendi. Wa tatu akasema stendi, shangazi yake anauza chipsi pale. Yaani watoto zaidi ya 60, toka wanabebwa mgongoni wanasikia makonda wanaita Makumbusho Makumbusho, wanaona daladala zimeandikwa Makumbusho ubavuni, na hamna hata mmoja aliyekuwa anajua jina lile limetoka kwa Kijiji cha Makumbusho ambacho kipo pale pale barabara ya Bagamoyo, unatembea kidogo tu kutoka stendi, ndani kuna nyumba za asili za makabila yetu zimejengwa kwa ukubwa wake kabisa, unainama unaingia, na kipo toka miaka ya 1960. Hakuna aliyewahi kuwaambia. Sasa mtu atavutwaje na kitu ambacho hajui kama kipo.

Naomba nieleze na kosa la kwangu maana barua hii bila hilo haina maana. Miaka kadhaa nyuma tulipeleka wanafunzi Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert. Tulikuwa na watoto 118, mabasi mawili, walimu wanne. Tulipanga kufika saa tatu, tukafika saa tano kasoro, wanaoijua foleni ya barabara ya Kilwa wataelewa. Na tulitakiwa kurudi mapema kwa sababu mabasi yalikuwa na kazi nyingine mchana. Kwahiyo tulikuwa na lisaa limoja na dakika chache kwa watoto 118, na tulikuwa tumewaambia kila mmoja aandike ripoti ya kurasa tano atakayoikusanya Jumatatu, ina maksi. Unajua kilichotokea. Mstari mmoja mrefu, daftari mkononi, kila mtoto ameinamisha kichwa ananakili yale maandishi ya kwenye kibao cha maelezo, akimaliza anahamia kibao kinachofuata. Hakuna aliyekuwa anaangalia vitu. Niliona kwa macho yangu watoto wanapita mbele ya gari la Rolls-Royce lililombeba gavana wa Mwingereza na baadaye Mwalimu Nyerere, wanaandika neno Rolls-Royce, wanasogea.

Tulipofika kwenye fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, kuna kijana mmoja mdogo, sweta lake limetoboka kiwiko, alisimama. Daftari akalishusha. Akasogeza uso mpaka pua ikagusa kioo, pumzi yake ikaweka ukungu, akaufuta na mkono wa sweta, akaangalia tena. Akanigeukia akauliza "Madam, huyu meno makubwa hivi, alikuwa anakula nini?"

Nikamjibu "Andika kwanza, tutaongea darasani, wenzako wanasubiri."

Hatukuongea darasani. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui jibu na sikutaka aone sijui. Jumatatu nikapokea ripoti 118 zinazofanana neno kwa neno, nikasahihisha mpaka usiku wa manane, na swali pekee la maana lililoulizwa siku ile nzima halikuwemo kwenye ripoti hata moja. Yule mtoto alikuwa ameshavutwa, Mhariri. Ameshanasa. Mimi mwalimu wake ndo nilimtoa pale kwenye kioo. Sasa leo mtu akiniambia watoto hawapendi makumbusho namkumbuka yule na ukungu wake wa pumzi.

Ilinikaa vibaya, nikaanza kutafuta jibu mwenyewe. Wengi tulikariri shuleni kwamba Zinjanthropus aligunduliwa na Dk Leakey Olduvai mwaka 1959, nukta, twende mada nyingine. Kumbe aliyeliona lile fuvu ni mke wake, Mary Leakey, tarehe 17 Julai 1959, asubuhi ambayo mumewe alikuwa amelala kambini anaumwa homa, mama akatoka na mbwa wake kuzunguka kwenye makorongo, akaona kipande cha mfupa kimechomoza kwenye udongo, akakifuta futa akaona meno mawili makubwa mno. Umri wake kama miaka milioni 1.75. Na lile jina Zinj limetokana na Zanj, jina ambalo Waarabu wa zamani waliipa pwani yetu hii hii tunayoishi. Hata Olduvai yenyewe ni neno la Kimasai, oldupai, katani pori inayoota mle bondeni. Haya yote nilikuwa nafundisha juu juu miaka sita bila kuyajua, na mimi ndo ninayetakiwa kuwavuta watoto.

Afu sasa lile swali la meno. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini yule jamaa alikuwa anavunja vitu vigumu, karanga na mbegu ngumu ngumu, kwa sababu magego yake ni makubwa na taya nene, hata wakamtania kwa jina la mvunja karanga. Baadaye wakaja kupima kemia iliyobaki ndani ya meno, wakaangalia na mikwaruzo juu yake, wakakuta mikwaruzo ya kuvunja vitu vigumu haipo, na kemia inaonyesha alikuwa anakula kwa wingi nyasi na mimea ya jamii ya ndago. Ndago, Mhariri! Hii hii ndago inayotusumbua kwenye bustani ya mchicha, unang'oa leo kesho imetoka tena.

Basi mwaka uliofuata nilibadilisha kila kitu. Kabla ya safari niliingia darasani na fungu la ndago limeng'olewa na mizizi yake na udongo bado unadondoka, nikalitupa mezani. Watoto wakaanza kucheka, Madam umetoka shamba. Nikawaambia kuna kiumbe aliishi kwenye ardhi hii hii ya kwetu kabla hata hakujawa na watu kama sisi, wataalamu wanasema chakula chake kilikuwa vitu vya jamii hii, kesho kutwa mnaenda kukutana naye, mkaangalie meno yake vizuri mje mniambie mnakubali au mnakataa. Hamna ripoti. Hamna kunakili. Daftari zinabaki shule, kila mtu aende na macho yake tu. Na nilipeleka 35, sio 118, wengine nikawaahidi zamu zao na nilizitimiza.

Laiti ungewaona pale kwenye kioo. Walikaa karibu nusu saa kwenye fuvu moja. Kuna binti aliingiza kidole mdomoni anapima gego lake mwenyewe, anatoa kidole anakilinganisha na la Zinj kupitia kwenye kioo, anawaambia wenzake "oneni, langu halifiki hata nusu". Mwingine akasema hayawezi kuwa ya nyasi, mbona ng'ombe hana taya kama hilo. Mwingine akamjibu ng'ombe anacheua, huyu hakuwa anacheua, kwahiyo lazima asage yote mara moja. Mimi nimesimama nyuma nimenyamaza kimya, natetemeka kwa furaha, maana hoja hiyo ya mwisho sikuwa nimeiwaza hata mimi. Mlinzi wa zamu alisogea karibu akidhani wanagombana, alipoelewa ni nini akabaki naye anasikiliza.

Ndo nikajifunza kwamba mwanafunzi havutwi na kitu kwa sababu ni cha zamani. Uzamani kwake hauna uzito, hata mimi mwalimu wake kwake ni wa zamani. Anavutwa akiwa na kitu anachokitafuta kabla hajaingia mlangoni. Ukimpa swali lake, awe na upande wake wa kutetea, kioo hakimzuii tena.

Kuna jambo la pili nililoliona na hili limenigusa zaidi. Siku nyingine tulienda Kijiji cha Makumbusho. Nilikuwa nimewapa kazi moja tu, kila mmoja aulize nyumbani bibi au babu au mtu mzima yeyote, nyumba mliyozaliwa ninyi ilikuwaje, afu tukifika atafute inayofanana. Darasani nilikuwa na kijana mmoja familia yake imetoka vijiji vya Mpwapwa huko, mkimya sana, akiulizwa swali anaangalia dawati. Na wenzake walikuwa wanamtania Ugogo wake, mnajua Dar watu wanavyowasema Wagogo, ombaomba na maneno mengine ambayo siyaandiki hapa. Nilikemea mara nyingi, wananyamaza mbele yangu, nikitoka yanaendelea.

Tukapita nyumba ya Kichaga, watoto wa Kichaga wakaringa kidogo. Tukapita msonge wa Kihaya, mrefu, nyasi mpaka chini, wakapiga kelele za kushangaa. Tukafika kwenye tembe. Ni fupi, ndefu kwenda pembeni, paa lake bapa la udongo, hamna nyasi. Mmoja akasema sasa hii mbona haijaisha, wameishia njiani? Wakacheka. Na yule kijana akaongea. Hakupaza sauti. Akasema "Imeisha. Hiyo ndo paa." Wakageuka. Akasema kwao mvua ni chache na nyasi ni za ng'ombe, ukiziezeka juu ng'ombe watakula nini, kwahiyo wanapanga miti, juu ya miti matawi, juu ya matawi udongo, wanashindilia, na juu yake unaweza kuanika mtama, unaweza kukaa jioni ukaangalia mifugo inarudi. Akainama akaingia ndani, wenzake wakamfuata mmoja mmoja. Akawaonyesha watu wanalala wapi, ng'ombe wanalala wapi, kwanini mlango ni mfupi. Akaulizwa kwanini fupi hivi, akasema upepo wa kwetu ungeona, nyumba ndefu ingeondoka. Walikaa mle ndani muda mrefu, walipotoka walikuwa wanamuuliza maswali yeye, sio mimi, sio yule mzee wa pale anayeongoza wageni, ambaye naye kwa hekima yake alisimama pembeni akamwachia mtoto kazi.

Toka siku ile sijasikia tena lile neno la ombaomba darasani kwangu. Kwa miezi nilikuwa nakemea bila mafanikio, nyumba ya udongo ikafanya kazi kwa dakika kumi na tano. Na yule kijana anajibu maswali sasa. Sio yote, lakini anaangalia mbele.

Watu wengi wakiongelea kuvuta vijana kwenye makumbusho wanakimbilia kusema tuweke skrini, tuweke vitu vya kidijitali, vijana wanapenda teknolojia. Sikatai, video nzuri inasaidia, ila mtoto wa Mbagala skrini anaiona kutwa nzima, kibandani kwa kinyozi, kwenye simu ya kaka yake, kwenye banda la mpira. Asichokiona popote ni fuvu lenyewe. Asichokiona ni tembe ya kuingia ndani ukagusa ukuta ukasikia ubaridi wake. Ukimpeleka makumbusho ukamkalisha mbele ya runinga umempunguzia kile kitu pekee ambacho makumbusho wanacho na wengine hawana.

Na wanavutwa na deni. Sijui niite jina gani lingine, ni yale mambo ambayo bado hayajaisha, ambayo hata kitabu cha kiada hakijui mwisho wake. Mfano mkubwa ni mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria. Kila nikifundisha habari zake darasa linachemka. Kilima cha Tendaguru kiko Lindi, na kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200, na waliochimba kwa mikono ni watu wa kule kule, mamia kwa mamia, msimamizi wao mkubwa akiwa Boheti bin Amrani, jina ambalo lilistahili kujulikana na kila mtoto wa nchi hii. Mizigo ilibebwa kichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini ikaenda Berlin. Mmoja katika hao wajusi yuko pale Berlin mpaka leo amesimamishwa, urefu wa kwenda juu mita 13.27, ni kama ghorofa nne hivi, na dunia nzima inalipa kiingilio kwenda kumuona. Nikifika hapo mikono inaanza. Madam kwanini hawaturudishii? Madam tukirudishiwa tutamweka wapi, kuna jengo la urefu huo? Madam waliobeba walikula nini njiani, si ndo vita vya Majimaji vilikuwa vimetoka kuisha na njaa juu? Hilo la mwisho niliulizwa na binti ambaye upande wa mama yake ni Wamwera wa Lindi, na ni kweli kabisa, Majimaji ni 1905 mpaka 1907, njaa ikafuata, miaka miwili baadaye watu wale wale waliobaki hai ndo wakaajiriwa kuchimba mifupa. Aliunganisha mwenyewe, kitabu hakijamuunganishia. Akampigia bibi yake simu jioni hiyo, bibi akasema baba wa bibi alikuwa mpagazi, ila alibeba nini hakuwahi kuwaambia.

Mwingine ni Songea. Kule kuna Makumbusho ya Majimaji, mahali ambapo tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa mashujaa 67 kwa siku moja. Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyeupa mji jina, naye aliuawa, na kichwa chake inaaminika kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake mpaka leo unauliza kiko wapi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale Songea akaomba msamaha. Wanafunzi wangu hawajawahi kwenda, ni mbali mno na hatuna uwezo huo, lakini niliposimulia hili darasa lilinyamaza kimya ambacho sijawahi kukipata hata siku ya mtihani, afu kijana mmoja akauliza "sasa Madam, kikirudi watakizika au watakiweka makumbusho?" Wakagawanyika. Wengine wakasema azikwe kwa heshima zake ukoo wapumzike, wengine wakasema hapana, watu waone walichotufanyia. Kipindi kiliisha, kengele imelia, hamna aliyetoka. Hao ndo vijana tunaosema hawana habari.

Najua kuna vikwazo vya kweli na sitaki wasomaji wadhani naongea ndoto. Kiingilio cha mwanafunzi sio tatizo kubwa, ni kidogo. Kinachoumiza ni basi. Shule yenye watoto elfu na kitu, wazazi wengi wa kuunga unga, ukisema kila mtoto alete hela ya safari unajua kabisa theluthi hawataleta na hao hao ndo wanaohitaji zaidi. Mimi nimeanza kutumia daladala za kawaida, Jumamosi asubuhi, watoto 20 na mwalimu mwenzangu mmoja, barua za ruhusa za wazazi kwenye begi, nauli ya mwanafunzi. Makonda wengine wanakunja uso wakiona sare nyingi hivyo, wengine wanatupakia na kutusaidia kuwahesabu. Sio rahisi lakini inawezekana na bei yake ni kidogo sana ukilinganisha na kukodi gari.

Halafu kuna hii ya "usiguse". Naelewa kabisa vitu vya miaka hiyo vinaharibika, mafuta ya mikono, jasho. Lakini niliwahi kwenda mahali na watoto, sitataja ni wapi, tukapokelewa mlangoni na orodha ya makatazo tisa kabla hata hatujasalimiwa, msiguse, msipige kelele, msikimbie, msipige picha, msi msi msi, nikaona mabega ya watoto yanashuka mmoja baada ya mwingine. Ombi langu kwa wahusika wote wa makumbusho nchini ni hili, wekeni meza moja tu ya vitu vya kugusa. Nakala ya fuvu la Zinj ya plasta ambayo mtoto ataishika, ataigeuza, ataingiza kidole kwenye tundu la jicho. Jiwe la kusagia na mtama kidogo, asage mpaka mkono uume ajue bibi zake walifanya kazi gani. Chombo cha udongo kilichopasuka ambacho hakina thamani. Meza hiyo moja itaokoa vitu vyote vingine, maana mtoto aliyeshika nakala hana haja ya kukwaruza kioo.

Na hivi vibao vya maelezo, jamani, vifupi na vya Kiswahili cha watu. Nimeshawahi kuona mahali aya nzima yenye maneno ambayo hata mimi mwenye shahada nilihitaji kuyasoma mara mbili. Weka mistari mitatu na mwisho uweke swali. "Unadhani alikula nini?" Inatosha, mtoto atafanya kazi iliyobaki.

Kwa wenzangu walimu nina la kusema pia, na nasema kama mtu aliyekosea. Tuache kuwaonyesha kila kitu. Hii tabia ya kwamba tumelipa kwahiyo lazima wapite vyumba vyote ndo inaua. Chagua vitu viwili, vitatu vikizidi, wakae navyo. Wakirudi nyumbani wanadai kurudi tena kuona vingine, na hapo ndo unajua umefanikiwa, sio ripoti. Sasa hivi mtaala mpya umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, ni nafasi nzuri kweli, ila tukilifundisha kwa kukaririsha tarehe ndani ya darasa la watoto 90 litakuwa kama yaliyotangulia. Wakuu wa shule wakitupa hata nusu siku moja kwa muhula, ikaandikwa kabisa kwenye ratiba isiwe ya kubembeleza, tutafika mbali. Kila mwaka tarehe 18 Mei ni Siku ya Makumbusho Duniani, toka 1977, na shule nyingi ninazozijua siku hiyo inapita kama siku nyingine.

Wazazi nao. Huwezi kusubiri shule miaka minne. Jumamosi mnaenda wote Kariakoo kununua viatu, Jumapili mnaenda beach. Mara moja tu kwa mwaka mpeleke mwanao pale Kijiji cha Makumbusho, nenda na bibi yake kama bado yupo, afu mwache bibi aongee. Nimeona bibi wa mwanafunzi wangu mmoja akiingia kwenye nyumba ya kwao, akakaa chini kwenye kigoda bila kuulizwa, akaanza kumuonyesha mjukuu figa zinapangwaje. Mjukuu ana miaka 15, hakuwahi kumuona bibi yake akiwa mjuzi wa kitu. Alimuona siku ile.

Yule kijana wa Mpwapwa kwa sasa yuko kidato cha tatu. Babu yake amekuja mjini toka mwezi uliopita kwa ajili ya matibabu ya macho, na mjukuu amemsimulia habari ya tembe iliyoko katikati ya Dar es Salaam. Mzee hakuamini, anataka aione, anasema lazima akague kama udongo wa juu wameushindilia sawa sawa au wamedanganya. Tunaenda Jumamosi hii, na kijana ameshaniomba tutoke mapema kabla gari hazijajaa, babu apate siti, magoti yanamsumbua.

Mwalimu wa Historia,
Mbagala, Dar es Salaam